Broila, kuku wa mayai au kienyeji: yupi wa kufuga uani, yupi wa kununua

Ukiuliza mtaani kuku gani mzuri, utajibiwa "wa kienyeji" kabla hujamaliza swali. Jioni, huyo huyo aliyekujibu utamkuta kwa muuza chipsi anachagua paja la broila. Wala hajipingi. Kuku hawa hawafanyi kazi moja, na anayewalinganisha kwa ladha peke yake huishia kujenga banda la kuku asiyemfaa.

Tuseme mapema tunakosimama. Kwa kaya yenye ua wa kawaida, iwe Dar es Salaam, Morogoro au Mwanza: kama shida yako ni mayai ya kula, fuga kuku wa mayai wa kisasa wachache. Kama unataka nyama na una eneo la kuku kutembea, fuga kienyeji au chotara, yaani kuku wa mseto kama Sasso na Kuroiler. Broila mnunue tu. Kumfuga kwa ajili ya sufuria yako mwenyewe ni kujitafutia kazi.

| | Broila | Kuku wa mayai wa kisasa | Kienyeji | Chotara (Sasso, Kuroiler) |
|---|---|---|---|---|
| Anakuwa tayari | wiki 5–6 | hutaga wiki 18–20 | hutaga miezi 6–7 | nyama miezi 3–4 |
| Mayai kwa mwaka | hafugwi kwa mayai | 280–310 | 40–60 | 150 hivi |
| Uzito akiwa hai | kilo 1.8–2.2 | kilo 1.8–2 | tetea 1–1.5, jogoo 1.5–2.2 | kilo 2 na zaidi |
| Chakula cha kununua | kilo 3.5–4 hadi kuchinjwa | gramu 110–120 kwa siku | nyongeza ya gramu 30–50 kwa siku | gramu 100 na zaidi kwa siku |
| Kuatamia | hapana | hapana | ndiyo, na analea | kwa nadra |

Takwimu za kienyeji zinapishana kwa sababu "kienyeji" si mbegu moja. Kuchi ni mrefu, shingo ndefu, na jogoo wake hupita kilo 2 bila shida. Ching'wekwe ana miguu mifupi na umbo dogo. Wengi wanaozagaa vijijini ni mchanganyiko usio na jina.

Mayai: hesabu ya mfuko mmoja

Chukua kuku 10 wa kisasa walio katikati ya msimu wao wa kutaga. Kila mmoja anakula gramu 120 kwa siku, jumla kilo 1.2. Mfuko wa kilo 50 unakwisha siku ya 41 au 42. Wakitaga mayai 8 kwa siku, mfuko huo umekupa mayai kama 330, yaani trei 11. Gawa bei ya mfuko kwa 11, upate gharama ya chakula kwa trei, kisha ilinganishe na bei ya trei dukani kwenu. Wakishuka hadi mayai 5 kwa siku, mfuko ule ule unatoa trei 7 tu, na hapo yai la nyumbani linaanza kuwa ghali kuliko la dukani.

Sasa tetea 10 wa kienyeji. Kila mmoja hutaga mayai 10 hadi 15, anaacha, anaatamia siku 21, analea, kisha anarudia. Mizunguko ni 3 au 4 kwa mwaka. Ukihesabu kwa wema, wote 10 watakupa mayai 450 kwa mwaka. Wale wa kisasa wanayafikisha kwa siku 56. Na kila yai la kienyeji unalokaanga ni kifaranga uliyejinyima.

Kwa hiyo kwenye mayai hakuna mashindano. Kuna lakini moja: kuku wa kisasa hutaga vile kwa sababu analishwa vile. Mkosee chakula atakukomoa ndani ya wiki. Kosa linaloonekana zaidi kwa wafugaji wa nyumbani ni kumlisha pumba na makombo, "si kuku tu." Kuku anayetaga anahitaji protini ya asilimia 16 hadi 17 na madini ya chokaa ya asilimia 3.5 hadi 4. Pumba za mahindi peke yake hazikaribii hapo. Mwanzoni anachota akiba ya mifupa yake mwenyewe. Unaona mayai yenye ganda jepesi, halafu yasiyo na ganda kabisa, halafu anaacha. Maganda ya konokono wa pwani yaliyosagwa, au ya mayai yaliyokaushwa na kupondwa, yawe kwenye chombo chake pembeni, kila kuku ajipimie. Mashudu ya alizeti, dagaa na soya ndivyo vinavyoleta protini, na ukichanganya mwenyewe usisahau chumvi kidogo na mchanganyiko wa vitamini wa dukani.

Maji nayo. Kuku mmoja hunywa robo lita kwa siku, na joto likipanda hunywa zaidi. Chombo kikikauka kuanzia asubuhi mpaka unaporudi kazini, utaulizana na familia nani ameiba mayai, kumbe hayakutagwa, na inaweza kuchukua siku kadhaa warudi kwenye kiwango chao.

Kuhusu kununua: kifaranga wa siku moja atakula kilo 7 hadi 8 za chakula kabla ya yai la kwanza, akae kwenye joto la bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga, apitie chanjo za magonjwa ya kideri, gumboro na ndui. Kwa kuku 10 hiyo ni safari ndefu isiyo na sababu. Nunua tetea wa wiki 16, uliza chanjo alizopewa na tarehe zake, mshike ukague: macho makavu, pua haina ute, miguu haina magamba yaliyonyanyuka, nyuma pasiwe na kinyesi kilichogandamana. Banda la mita 2 kwa 1 linawatosha wakilala na kushinda ndani, maana hesabu ni kuku 5 hadi 6 kwa mita moja ya mraba. Tandaza maranda ya mbao au pumba za mpunga unene wa sentimita 5 hadi 8, na ukinusa harufu inayowasha macho, tandiko limelowa. Ligeuze au litoe. Kiota kimoja cha sentimita 30 kila upande kinatosha kuku 5, na kiwe na kigiza. Kuku akitaga kwenye mwanga, wenzake wanaona yai linang'aa, mmoja analidonoa, na siku akigundua ladha yake umepata mla mayai.

Huhitaji jogoo. Watu hushangaa, lakini kuku hutaga bila jogoo. Jogoo ni wa vifaranga. Kwa aliyepanga nyumba zenye kuta za kugusana hilo ni jambo kubwa, kwani majirani wengi huvumilia kuku ila si saa kumi ya alfajiri. Huhitaji taa pia. Mashamba makubwa huongeza mwanga hadi saa 16 kwa siku kwa sababu mchana wetu ni saa 12 tu, lakini kwa kuku 10 ongezeko hilo ni dogo, na ukianza halafu umeme ukawa wa kuja na kuondoka, wanaweza kunyonyoka manyoya na kugoma kutaga.

Kiini cheupe si ugonjwa

Mteja akipasua yai la kisasa akakuta kiini kimepauka, hulalamika kuwa yai ni la kemikali. Sababu iko shambani: mahindi yetu mengi ni meupe. Rangi ya kiini hutoka kwenye rangi asilia za majani na mahindi ya njano, na kuku asiyekula hivyo hana pa kuitoa. Wape kuku wako wa kisasa mchicha, majani ya mlonge au lukina kila siku, baada ya wiki mbili hivi kiini kitageuka njano iliyokolea kama cha kienyeji. Protini haijabadilika. Rangi ya ganda nayo ni mbegu tu, haina habari ya lishe. Kuku anayepigwa na jua hutoa kiini chenye vitamini D zaidi, hilo ni kweli, na ndiyo sababu ya kuwafungulia saa mbili tatu za mchana baada ya kutaga, kwa kuwa wengi humaliza kutaga asubuhi.

Ila usiwafungulie kwenye ua mmoja na kienyeji. Kienyeji anaweza kubeba chawa, utitiri, minyoo na mafua akaonekana mzima, akamwachia mwenzake aliyekulia sehemu safi. Chagua upande mmoja.

Nyama ya kienyeji inapatikana kwenye wiki 8 za mwanzo

Hapa ndipo ufugaji wa uani unaposhinda au kushindwa, na wengi hawapaangalii. Tetea mmoja akiatamia mayai 12 mazuri hutotoa 9 au 10. Wakiachwa watembee na mama yao tangu siku ya pili, mara nyingi wanaofikisha wiki 8 ni 3 au 4. Mwewe amechukua, kicheche amechukua, mvua imewanyeshea, wengine wamekufa na kuhara damu. Mwenye kuku anasema kienyeji hakui haraka, wakati tatizo lake ni kwamba hawafiki.

Ukidhibiti wiki hizo, mambo yanageuka. Anza na mayai yenyewe: yasizidi siku 7 hadi 10 tangu yatagwe, hayajaoshwa, hayana ufa, na yamehifadhiwa kivulini ncha nyembamba ikitazama chini. Jogoo 1 kwa tetea 10 anatosha. Kama matetea wawili watatu wanakaribia kuatamia, mwekee wa kwanza mayai viza ya kumshikilia, halafu wote uwawekee mayai mazuri usiku mmoja. Vifaranga watatotolewa pamoja, utawapa chanjo pamoja na kuwalisha pamoja. Siku ya 7 pima kwa tochi gizani: yai lenye mishipa kama utando wa buibui linaendelea, linalong'aa tupu litoe.

Wakitotolewa, mama na watoto waingie kwenye tenga au kizimba mchana, ndani ya nyumba au banda lililozibwa usiku. Wape chakula cha vifaranga cha dukani kwa wiki 4. Watu huona ni anasa, wakati kifaranga mmoja hafikishi kilo 1 katika muda wote huo. Ni kilo hiyo inayotenganisha vifaranga 3 na vifaranga 8. Baada ya wiki 4 mwondoe mama, kwa sababu watoto wakiwa na manyoya ya kutosha hawamhitaji tena, na yeye akiachana nao anarudi kutaga mapema badala ya kuzunguka nao miezi miwili.

Halafu kideri, wengine huita mdondo. Dalili ni kuharisha kijani, mabawa kulegea, shingo kupinda, na asubuhi moja banda zima liko chini. Hakina dawa. Kuna chanjo ya matone ya jicho isiyoharibika haraka kwa joto, ya aina ya I-2, ambayo hapa Tanzania hutengenezwa Kibaha. Tone moja kwenye jicho moja, rudia kila baada ya miezi 3, kuku wote wakubwa kwa wadogo. Kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka, kwa hiyo anayekimbilia chanjo baada ya kuona vifo kwa jirani mara nyingi amechelewa. Kichupa kimoja huwa na dozi nyingi kuliko kuku wako, na kikishafunguliwa hakikai. Changieni kichupa watu wanne watano wa mtaa, mchanje siku moja. Inasaidia pia kwa sababu kuku asiyechanjwa wa jirani ndiye anayekuletea.

Chakula cha kienyeji hakipaswi kuwa bure kabisa. Anaokota protini kwenye wadudu na majani, lakini nishati humpungukia, hasa kiangazi. Konzi ya mtama au chenga za mahindi jioni inamrudisha bandani na kumwongezea uzito. Palipo na mchwa kuna njia ya zamani ambayo haijapitwa: jaza chungu kikuukuu samadi kavu ya ng'ombe na mabua, nyunyizia maji, kifudikize juu ya tundu la mchwa jioni. Asubuhi kabla jua halijakaza, kiinue ukakung'ute mbele ya vifaranga. Watakimbilia hadi kukukanyaga miguu.

Na viroboto: wale weusi wanaong'ang'ania kuzunguka macho na upanga wa kuku. Usiwachomoe. Wapake vaselini, watakosa hewa na kudondoka. Kisha fagia banda, choma takataka, mwaga dawa ya unga kwenye nyufa, la sivyo wiki ijayo wamerudi.

Chotara yuko katikati. Nyama anaiwahi, miezi 3 hadi 4 dhidi ya 5 au 6 ya kienyeji, na mayai ni mara tatu. Lakini anakula kama wa kisasa. Akiachwa ajitafutie peke yake hukonda, na haatamii vya kutegemewa, kwa hiyo vifaranga ni vya kununua kila mara. Ukiwatotoa chotara kwa chotara, watoto hutoka mchanganyiko, wengine wakubwa, wengine vijeba.

Broila: kwa nini mnunue

Kwa mfanyabiashara broila ni mashine nzuri. Mfuko wa kilo 50 unakuza kuku 13 hivi hadi kuchinjwa. Tatizo kwa kaya ni kwamba wote wanakomaa siku moja. Vifaranga huuzwa kwa boksi la 100, ukibahatika utagawana na mwenzako. Wiki ya kwanza wanataka joto la nyuzi 32 hadi 34 usiku na mchana. Wakijikusanya chini ya jiko wana baridi, wakikimbilia ukutani midomo wazi wana joto, wakisambaa sawasawa umepatia. Wiki ya tano wanataka kinyume chake. Kuku mzito wa kilo 2 katika joto la Februari la pwani hufa mchana, na wanaotangulia ni wale wakubwa uliokuwa unawategemea. Ukivuka siku ya 42 kila mmoja anakula karibu gramu 200 kwa siku na faida inaliwa na chakula. Nani ana friza la kuku 50?

Kuhusu uvumi wa homoni: broila hakui kwa sindano. Anakua kwa uteuzi wa mbegu, kizazi juu ya kizazi, tangu katikati ya karne iliyopita. Marekani mwaka 1948 walifikia hata kufanya shindano la kitaifa la kutafuta kuku mwenye kifua kinene. Kumchoma sindano kuku mmoja mmoja maelfu kwa maelfu kungemfilisi mfugaji. Linalostahili kuogopwa ni antibayotiki. Kila dawa ina muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye pakiti, siku ambazo nyama au mayai hayapaswi kuliwa baada ya dozi ya mwisho. Mfugaji anayeuza kabla ya siku hizo anakuuzia mabaki ya dawa, na hilo hulioni kwa macho. Muulize aliwapa dawa gani na lini, anayejibu kwa tarehe ni bora kuliko anayejibu "hawa hawajawahi kuumwa." Wa uani naye asijisifu. Kuku anayeshinda dampo la mjini akidonoa betri na rangi zilizobanduka si "asilia" kwa maana yoyote inayofaa tumboni.

Kama kinachokusumbua ni maisha ya kuku mwenyewe, uliza wa mayai amefugwa sakafuni au kwenye keji, vile vizimba vya waya. Kwenye keji za kawaida kuku huishia na eneo dogo kuliko karatasi moja ya kuandikia; Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku mwaka 2012, kwetu zinazidi kuenea.

Sokoni na jikoni

Trei ya mayai ya kienyeji halisi haifanani: moja jeupe, lingine krimu, lingine limechongoka, jingine dogo kama la kanga. Ukikuta madogo yote ya kahawia, yamelingana kama yametoka kwenye kalibu moja, hayo huenda ni mayai ya kwanza ya kuku wa kisasa wanaoanza kutaga, yamebatizwa jina ili bei ipande. Na kumbuka la kienyeji mara nyingi lina mbegu ya jogoo. Likikaa siku kadhaa kwenye joto la kibanda huanza kuumba damu ndani. La kisasa lisilo na mbegu haliumbi kitu, hivyo linavumilia safari. Kwa yoyote, lizamishe kwenye maji: likilala chini ni jipya, likisimama litumie leo, likielea litupe.

Broila anaiva kwa dakika 25 hadi 30, na ukimwongezea muda anasambaratika. Ni wa kukaanga, kuchoma na mchuzi wa haraka. Jogoo wa kienyeji aliyekomaa anataka saa moja na nusu hadi mbili, au dakika 40 kwenye sufuria ya presha, na supu yake inatokana na huo ugumu wenyewe, kwa kuwa mishipa na ngozi huyeyuka polepole kuwa uzito wa mchuzi. Ukitaka wa kulainika, bonyeza ncha ya mfupa wa kidari upande wa tumbo: ikipinda kama gegedu ni mchanga, ikiwa ngumu jiandae na kuni. Kwa jogoo angalia na mwiba wa mguuni, kadiri ulivyo mrefu ndivyo sufuria itakavyokaa jikoni.

Kuku wako wa mayai nao watafika huko. Baada ya miezi 12 hadi 14 ya kutaga wanapungua, lakini hawapungui wote kwa pamoja, kwa hiyo usichinje kwa kubahatisha. Mshike kuku usiku, weka vidole kati ya mifupa miwili ya nyonga nyuma: vikiingia viwili au vitatu na upanga wake ni mwekundu laini, bado anataga, mrudishe. Kikiingia kimoja na upanga umesinyaa na kupauka, anakula mfuko wako bure. Huyo mchemshe taratibu saa moja na tangawizi na ndimu kabla ya kumtia kwenye pilau.